Mswada wako wa tamthilia umekataliwa kwa barua yenye sifa: hatua za kufuata

Kila vituo vya televisheni vinapomaliza kupokea miswada, swali ninaloulizwa ni lilelile: “Wamesema mazungumzo yangu ni mazuri, wamesema nina sauti yangu, halafu wamekataa. Hii ni ndiyo au hapana?”

Ni hapana. Mswada ule, kwa pale ulipoupeleka, safari yake imeisha. Lakini ndani ya barua hiyohiyo kuna kitu cha pili ambacho waandishi wapya wengi hukitupa pamoja na machungu yao: kuna mtu wa ndani aliyekusoma, akaona unachokiweza, akatumia muda wake kukuandikia. Mwongozo huu unahusu namna ya kukitumia kitu hicho. Nimewalenga zaidi wanaoandikia vituo na kampuni za utayarishaji za Dar es Salaam na Nairobi, ingawa aliyeko Kampala au Leicester, Uingereza, naye atapata chake.

Jambo moja la kujua kwanza

Katika kampuni za filamu na televisheni za Marekani, msomaji wa miswada huandika ripoti ambayo mara nyingi ina alama mbili zinazosimama peke yake: moja ya mswada, nyingine ya mwandishi. Mswada unaweza kupata “kataa” na mwandishi akapata “fikiria”, kwenye karatasi ileile. Huku kwetu ripoti hiyo mara nyingi haiandikwi kwa mpangilio huo, ila barua ya sifa na kukataliwa inatokana na hesabu ileile.

Na hesabu hiyo ina sababu. Tamthilia inayorushwa siku tano kwa wiki mwaka mzima inakula sehemu 260. Hakuna mtu mmoja anayeziandika zote. Inahitajika timu ya waandishi, na timu inachoka, watu wanaondoka, nafasi zinafunguka. Kwa hiyo msimamizi wa maudhui anayesoma mswada wako anatafuta vitu viwili kwa wakati mmoja: hadithi ya kununua, na mtu wa kuandika. Unaweza kumkosesha cha kwanza ukampatia cha pili.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Barua yenyewe, nzima. Kama ulipigiwa simu badala ya kuandikiwa, kaa chini siku hiyohiyo uandike kila ulichokumbuka, kwa maneno aliyoyatumia yeye.

Nakala ileile ya mswada uliyoituma. Siyo ile uliyoirekebisha baadaye. Ukisoma maoni huku umefungua toleo jingine utachanganyikiwa, kwa sababu “ukurasa wa 12” wao siyo ukurasa wako wa 12.

Daftari, au jedwali kwenye simu au kompyuta. Kalamu za rangi tatu.

Msomaji mmoja unayemwamini ambaye si mama yako wala mchumba wako. Mtu anayetazama tamthilia kila jioni na kugombana na televisheni anafaa kuliko rafiki mwenye shahada asiyetazama kabisa.

Ushahidi kwamba kazi ni yako. Tanzania, sheria ya hakimiliki ni Sheria Na. 7 ya mwaka 1999 na ofisi inayosajili kazi ni COSOTA. Kenya ni Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 na ofisi ni KECOBO. Haki yako inaanza pale unapoandika, ila usajili hurahisisha ubishi ukitokea. Vizuri ungekuwa umeshafanya kabla ya kutuma. Kama hukufanya, fanya wiki hii.

Hatua ya 1: Usijibu leo

Isome barua mara moja, ifunge, nenda kafanye shughuli nyingine. Jibu la siku hiyohiyo huwa na moja ya sura mbili: shukrani ndefu mno inayomfanya mpokeaji aone haya, au utetezi. Zote mbili zinakuharibia. Siku mbili au tatu hazimuudhi mtu, na wiki nzima bado ni adabu.

Onyo: usiiweke barua kwenye Facebook wala status ya WhatsApp, hata kama ina sifa tupu. Aliyekuandikia alikuandikia wewe. Fani yetu ni ndogo, na akiona maneno yake yanazunguka, safari ijayo atakutumia ile barua ya mistari miwili anayowatumia wote.

Hatua ya 2: Ikate barua vipande

Iandike upya barua kwenye daftari, kila sentensi mstari wake. Kisha paka rangi: moja kwa sifa, moja kwa sababu ya kukataa, moja kwa mwaliko. Tuchukue mfano. Tuseme umeandika tamthilia inayoitwa “Kivuko”, kuhusu Bi. Tatu anayeuza chapati kivukoni Kigamboni na binti yake Salma aliyekopa kwa siri mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali. Umepata hii:

“Asante kwa kututumia ‘Kivuko’. Tumefurahia kuisoma. Mazungumzo ya mama na bintiye yana uhai, na Bi. Tatu ametukaa akilini. Hata hivyo haikidhi mahitaji yetu kwa sasa. Tuliona sehemu ya kwanza inachelewa kuanza na hatukuwa na hakika Salma anataka nini. Tungependa kuona kazi yako nyingine.”

Sentensi ya kwanza na ya pili ni salamu. Usizipake rangi yoyote. Ya tatu ni sifa. Ya nne ni kukataa, na haina habari ndani yake. Ya tano ni sababu, na ina mambo mawili, kwa hiyo igawe. Ya sita ni mwaliko.

Fanya hivi kwa mkono hata kama barua ni fupi. Nimeona watu wenye barua ya namna hii wakishikilia kwa miezi neno “tumefurahia”, ambalo halina uzito, huku “tungependa kuona kazi yako nyingine” hawakumbuki kama ilikuwepo.

Hatua ya 3: Pima uzito wa sifa

Sifa ya kweli ina jina, mahali au kitu ndani yake. “Bi. Tatu ametukaa akilini” haiwezi kuandikwa na mtu ambaye hakusoma. “Una kipaji, endelea hivyohivyo” inaweza kutumwa kwa watu mia kwa kubofya mara moja, na mara nyingine ndivyo inavyokuwa.

Jiulize tu: je, sentensi hii ingemfaa mwandishi mwingine yeyote? Kama ndiyo, ipokee kwa heri na uiache hapo. Kama hapana, iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa sababu utaihitaji katika hatua ya 7.

Mwaliko nao unapimwa. “Tunakutakia kila la heri” ni kuagana. “Usisite kutuma tena” ni mlango usiofungwa kwa ufunguo. “Tungependa kuona kazi yako nyingine” ni mwaliko. “Unaandika nini sasa? Nitumie moja kwa moja” ni mwaliko wenye anwani, na anayeupata ahakikishe ana kitu cha kutuma. Kaa pia utazame jina lililo chini ya barua. Ikiwa ni la mtu, pamoja na cheo chake, una mtu. Ikiwa ni “Idara ya Maudhui”, una ofisi.

Hatua ya 4: Tenga sababu za mswada na sababu zao

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kuanza kuandika upya kitu ambacho hakikuwa na kasoro.

Sababu zao ni hizi: kuna tamthilia inayofanana ambayo tayari wameinunua, muda wa kurushwa umejaa, bajeti haitoshi, watazamaji wa chaneli ni wa aina nyingine, lugha. Mswada wenye Kiswahili cha Temeke kilichokolea unaweza kupendwa Nairobi na bado usinunuliwe, na wa Sheng vilevile Dar.

Bajeti usiichukulie kwa wepesi. Sini (onyesho) moja ya usiku ndani ya kivuko ina maana ya kibali cha mamlaka ya kivuko, ulinzi, jenereta, taa, na waigizaji wa ziada wa kujaza abiria, juu ya kibali cha kupiga picha chenyewe, ambacho Tanzania kinatoka Bodi ya Filamu na Kenya kinatoka Bodi ya Kuainisha Filamu. Tamthilia za kila siku huishi kwa kurudia mahali pachache: sebule, jiko, ofisi, duka. Hesabu mahali tofauti ulipopatumia katika sehemu yako ya kwanza. Pakizidi kumi, na barua ikasema “ni kubwa kwa tulicho nacho”, hawakupi udhuru. Wanakuambia ukweli.

Muda wa kurushwa nao una sheria zake. Nchini Kenya, kanuni za utangazaji zinahesabu kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku kuwa muda wa kulinda watoto. Ukiambiwa “maudhui ni mazito kwa nafasi yetu”, angalia chaneli hiyo inarusha tamthilia zake saa ngapi. Ukikuta ni saa 1 na nusu jioni, umepata jibu.

Sababu za mswada ni zile zinazotaja kilichoandikwa: mwanzo unachelewa, mhusika haeleweki anataka nini, sini zinarudia jambo moja, mwisho wa sehemu hauvuti mtu arudi kesho. Hizi ndizo za kufanyia kazi.

Onyo: maneno “kwa sasa” yapo katika karibu kila barua ya kukataa. Usiyahesabu kama ahadi.

Hatua ya 5: Jibu kwa ufupi

Sentensi nne zinatosha: shukrani, jambo moja mahususi ulilolipokea, kazi unayoandika sasa, na ombi moja. Mfano:

“Habari za kazi, Bi. Neema. Nashukuru kwa kuisoma ‘Kivuko’ na kuniandikia maoni. Mlichosema kuhusu Salma nimekielewa na ninakifanyia kazi. Kwa sasa naandika tamthilia ya ndugu watatu wanaogombea mashamba ya chumvi ya marehemu baba yao Bagamoyo, na sehemu ya kwanza itakuwa tayari mwishoni mwa Septemba. Naomba kama naweza kukutumia wewe moja kwa moja itakapokamilika.”

Angalia ambayo hayamo. Hakuna utetezi wa Salma. Hakuna “naomba mfikirie upya”. Hakuna toleo jipya lililoambatishwa. Hakuna habari za nyumbani wala ada ya mtoto, hata kama ni za kweli.

Onyo: usipige simu, na usimtafute mtu huyo kwenye WhatsApp kwa namba uliyopewa na rafiki. Alikuandikia kwa barua pepe, mjibu hukohuko. Mkikutana uso kwa uso kwenye tamasha, lile la filamu la Zanzibar (ZIFF) kwa mfano, msalimie, jitambulishe kwa jina la mswada, mshukuru, mwachie nafasi. Kama ni mtu mzima kwako, shikamoo inatangulia kabla ya Kivuko.

Hatua ya 6: Weka kumbukumbu

Kwenye jedwali: tarehe ya kutuma, uliyemtumia, toleo, tarehe ya jibu, jina la aliyejibu, sifa mahususi, sababu, aina ya mwaliko. Hatua hii ni fupi lakini isiruke. Watu hawa huhama. Aliyekukataa akiwa kituo kimoja anaweza kuwa anasimamia maudhui mahali pengine mwakani, na wewe ndiye utakayekumbuka kwamba alimpenda Bi. Tatu.

Hatua ya 7: Andika upya ukilinda kilichosifiwa

Kwanza mpe mswada yule msomaji wako bila kumwonyesha barua. Akikwama palepale walipokwama wao, pana tatizo. Asipokwama, subiri maoni ya tatu kabla ya kubomoa.

Kisha chukua maoni moja baada ya jingine. Mwandishi mpya akiambiwa “mwanzo unachelewa” hukimbilia kukata, na mara nyingi anachokata ni mazungumzo marefu ya mama na binti, yaani kitu chenyewe kilichosifiwa. Ndiyo maana nilisema uiandike sifa ukurasa wa kwanza. Kabla hujafuta sini yoyote, rudi pale uangalie.

Tuitazame “Kivuko”. Katika toleo la kwanza, Salma amekaa kwenye benchi akimsimulia shoga yake maisha yalivyobana, kurasa tatu. Kwa mpangilio wa kawaida wa mswada, ukurasa mmoja ni kama dakika moja, kwa hiyo mtazamaji amesikiliza malalamiko dakika tatu bila kujua binti anataka nini. Toleo jipya linaweza kuanza hivi:

NJE. KIVUKONI, KIGAMBONI – ALFAJIRI

Bi. Tatu anasukuma chapati. Kijana wa mikopo anaondoa vyombo mezani, kimoja kimoja, apate kubeba meza.

SALMA: Iache meza. Ijumaa utapata hela yako yote.

KIJANA WA MIKOPO: Ijumaa ipi, dada? Zimeshakuwa nyingi.

SALMA: Hii. Kabla kivuko cha mwisho hakijaondoka.

Bi. Tatu anaacha kusukuma. Anamtazama mwanawe.

BI. TATU: Hela gani, Salma?

Ni nusu ukurasa. Tumejua Salma anataka nini, amepewa mpaka lini, na kwamba mama hakuwa na habari. Yale mazungumzo ya mama na binti hayakufa. Yamepata sababu ya kuanza, na sasa kila wanachoambiana kina deni chini yake. Gharama nayo imeshuka, kwa kuwa tuko kwenye meza moja ya chapati nje, hatumo ndani ya kivuko.

Zipe kurasa za mwanzo nguvu zako nyingi. Wasomaji wana rundo mbele yao. BBC Writersroom ya Uingereza, ambayo sasa inaitwa BBC Writers, kwa miaka mingi imekuwa ikichuja miswada kwa kuanza na kurasa 10 za mwanzo, na zinazovutia ndizo zinazosomwa zaidi. Sidhani kama msomaji wa Nairobi mwenye miswada mingi ana subira kuliko wao.

Hatua ya 8: Tuma kazi nyingine, siyo ileile

Wameomba kazi nyingine. Wape nyingine. “Kivuko” iliyorekebishwa ipeleke kwa kampuni nyingine, au iache iwe mfano wa uandishi wako.

Ujumbe wa kuambatana nayo uwe mfupi na uanze na kumbukumbu: “Mwezi Machi ulisoma mswada wangu wa ‘Kivuko’ na ukaomba kuona kazi nyingine. Hii hapa.” Ambatisha PDF, na muhtasari wa ukurasa mmoja. Kwenye aya ya mwisho ongeza kwamba uko tayari pia kuandika katika timu ya tamthilia inayoendelea. Sentensi hiyo wengi hawaiandiki kwa sababu wanaona ni kujishusha. Mimi naona ndiyo njia fupi kuliko zote ya mwandishi mpya kuanza kulipwa, na ndiko utakakojifunza kwa nini sini ya kivuko usiku ni ghali.

Usichelewe mno. Mwaliko wa mwezi Machi bado una joto mwezi Septemba. Baada ya mwaka na nusu utalazimika kujitambulisha upya.

Ukikwama

Umetuma kazi ya pili, kimya. Subiri wiki 6 hadi 8, kisha andika mstari mmoja wa kukumbushia. Ukikaa kimya mwezi mwingine bila jibu, jaza jedwali lako na uendelee na wengine. Kimya mara nyingi kinatokana na bajeti au mtu kuhama.

Wasomaji wawili wanapingana. Mmoja anasema Salma hana huruma, mwingine anasema ni mpole mno. Usichague upande. Wote wawili wamekwama kwa Salma, kwa hiyo tatizo liko kwake, na dawa huenda si ile aliyoipendekeza yeyote kati yao.

Hujaelewa maoni. Unaruhusiwa swali moja, ndani ya jibu lako la hatua ya 5, linalojibika kwa sentensi moja. “Mlimpoteza Salma kuanzia mwanzo, au baada ya sini ya msikitini?” ni swali zuri. “Nirekebisheje?” ni kumwomba akuandikie.

Wanataka uandike upya, bila malipo. Ikiwa ni kurekebisha sehemu ya kwanza, mara moja, kwa maoni yaliyoandikwa, na mtu mwenye jina anasubiri kusoma, mimi ningefanya. Wakirudi mara ya pili, au wakitaka sehemu nyingine zaidi, omba makubaliano ya maandishi yanayosema nani ana haki ya nini, kwa muda gani, na kwa malipo gani. Usitume zaidi kabla hayajasainiwa.

Mtu anaahidi kuufikisha mswada wako kwa kituo ukimlipa “ada ya kusoma”. Acha. Anayenunua hadithi ndiye anayelipa.

Miezi kadhaa baadaye unaona tamthilia inayofanana na yako. Hakimiliki inalinda ulichoandika, hailindi wazo tupu. Binti mwenye deni na mama muuza chakula wapo katika miswada mingi. Fungua nakala yako na ulinganishe: mpangilio wa sini, majina, mazungumzo, matukio kwa mfuatano wake. Vikifanana hivyo, nenda COSOTA au KECOBO ukiwa na usajili wako na ile barua pepe ya kutuma yenye tarehe, na usiandike neno mtandaoni kabla ya hapo. Ikifanana mada peke yake, basi kituo hicho kimekuonyesha aina ya hadithi kinayoinunua, na iandike hivyo kwenye jedwali.

Kila ukifungua mswada unaisikia barua kichwani na huwezi kuandika. Weka “Kivuko” kabatini, anza na mashamba ya chumvi. Barua haikusema lolote kuhusu chumvi.